Miti Minne Uani kwa Radhia

Ijumaa asubuhi, mwanzo wa ubaridi, Radhia alikuwa akianika nguo nyumbani kwake mjini Ibra aliposikia geti likisukumwa. Ilikuwa miti ya marehemu baba yake. Mipera miwili, mdimu na mkomamanga iliingia, matunda yamewiva, mizizi imejaa tope la mfereji wa falaji, ikasimama juu ya saruji baina ya mashine ya kufulia na tangi la maji.

Binti yake, Yaqeen, alitoka na kikombe chake cha chai.

"Mama, mti ya babu zimekuja," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Nimeiona. Lete mpira wa maji."

Bustanini miti ilikuwa kumi na miwili. Wazee wao walipokwishafariki walibaki ndugu wawili, Radhia na kaka yake Thuwaini, na mgao wa mirathi kila mtu anaujua: mafungu mawili ya mwanamume, moja la mwanamke. Thuwaini anaujua kuliko wote, maana huwapigia watu hesabu za mirathi yao bila ya kuombwa. Bustani yao tu ndiyo ilikuwa haijagawanywa. Kila Radhia alipouliza, alijibiwa wasubiri mavuno yamalizike, na mavuno ya Thuwaini hayakuwa na mwisho. Radhia hakutaka makubwa. Alitaka achume pera bila ya kuomba ruhusa.

Basi alichuma. Alipanda juu ya kiti, akala la kwanza palepale bila ya kuliosha, akafurahi mpaka akaona haya. Kisha akajaza beseni.

Baada ya sala ya Ijumaa Thuwaini alifika, amefuata michirizi ya tope barabarani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kahawa ipo?"

Alikunywa, akatikisa kifinjani kuonyesha ametosheka, kisha akaiamuru miti irudi. Halikutikisika hata jani. Yote ilikuwa imemwelekea Radhia.

"Iambie wewe," alisema Thuwaini. "Wallahi, watu watasema nini? Ndugu wawili, watu wazima, tunagombania mapera? Bustani yetu sote. Subiri tu tumalize mavuno, inshallah."

Radhia alitaka kusema hapana. Lakini kaka alikuwa naye huyo mmoja, na siku ya Idi hakuwa na mlango mwengine wa kwao wa kwenda kubisha hodi.

"Rudini," aliiambia miti.

Ilitoka mmoja mmoja, ikainamisha matawi getini isidondoshe matunda. Thuwaini alilipakia beseni garini, akamwachia dada yake mapera machache ukingoni mwa ukuta.

"Zawadi yako hiyo."

"Asante, kaka."

Thuwaini aliifuata miti kwa gari polepole, taa za tahadhari zikiwaka, isije ikagongwa.

Alasiri Radhia aliyapanga mapera kwenye sahani, akayafunika kitambaa, akampa Yaqeen ampelekee jirani, kama ilivyo ada kwa matunda ya mwanzo wa msimu.

"Wakiniuliza imetoka wapi?"

"Waambie ametuletea mjomba wako."