Udhuru Uliodhoofu

Kwa jina la Mola autumaye upepo kisha akaurudisha, ateremshaye mvua kwa kipimo akijuacho Yeye. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu, ahali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, watu wa habari hii si wengi. Wa kwanza ni Mwanawema, mjane wa Vuai, aliyekwisha kukaa miezi mitatu ya eda, zikambakia siku arubaini. Wa pili ni Bimkubwa, mamake Vuai, kikongwe aliyeishi na mkwewe katika nyumba ya udongo chini kabisa ya mteremko wa Mgogoni, pale linapoanzia bonde la mpunga. Wa tatu ni Rahila, dadake Vuai, mwenye nyumba ya matofali juu ya kilima. Na wa nne ni Shehe Soud, imamu wa msikiti, ambaye watu wa pale hawakumruka wakaenda kuuliza kwa mwingine.

Vuai mwenyewe alianguka mnazini asubuhi moja, alipopanda kuangua nazi ya kuungia mchuzi. Aliyeitaka nazi ni mkewe. Hilo tu lilimtosha Rahila. Tangu siku ya matanga hakumwita wifi yake kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alimwita Bi Nazi, mbele ya wageni na nyuma yao, na waliomsikia mara ya kwanza walistaajabu, na mara ya pili wakacheka.

Siku ya Alhamisi redio ilitangaza kwamba kimbunga kiko baharini, mashariki ya visiwa, na kwamba wakaao mabondeni wahame. Mwenye eda hatoki nyumbani kwake ila kwa udhuru. Basi Bimkubwa akajikongoja na mkongojo wake mpaka kwa Shehe, akauliza. Shehe akajibu kwamba jambo hilo limekwisha semwa na wenye elimu tangu zamani: mjane akichelea nyumba kumwangukia au maji kumgharikisha, na ahamie nyumba ya karibu iliyo salama. Ya karibu ilikuwa ya Rahila.

Rahila hakuwa na uso wa kuikataa fatwa. Aliwatandikia jamvi katika chumba cha stoo, baina ya magunia ya makaa na madumu ya mafuta, na kikombe alichonywea Mwanawema akakiweka peke yake nje ya dirisha. Jioni ile Mwanawema alimsikia akimwambia jirani, kwa sauti iliyokusudiwa kuvuka ukuta, kwamba nyumba yake haijatimiza hata miezi miwili tangu kuezekwa, na tayari imeletewa mguu uliomuua ndugu yake. Mwanawema akajifunika ushungi mpaka machoni. Kulia aliona ni kumpa Rahila sadaka asiyostahiki.

Ijumaa asubuhi ikaja taarifa nyingine. Kimbunga kimeingia bara, kimedhoofu, sasa ni mgandamizo mdogo wa hewa, na upepo umeshuka. Msomaji hakuishia hapo. Alisema mvua kubwa itanyesha kwa siku mbili katika visiwa, na waliohama mabonde na miteremko wasirudi kwanza. Mwanawema aliyasikia yote mawili, kwa kuwa redio ilikuwa dirishani mwa jiko. Rahila naye aliyasikia yote mawili. Kisha akajitanda kanga yake, akaenda kwa Shehe na moja.

Yaliyopita huko Mwanawema alikuja kuyajua baadaye. Shehe alikuwa akiipitia hotuba ya Ijumaa, na muda ulikuwa mchache. Aliuliza kama upepo umekufa. Rahila akasema umekufa, hata jani la mgomba halitikisiki. Shehe akafunga kitabu, kidole kikiwa kati ya kurasa, akasema lile ambalo kila mwanafunzi wa fikihi hulihifadhi: kilichoruhusiwa kwa udhuru, udhuru ukiondoka nacho huondoka. Akarudi kwenye hotuba yake.

Rahila aliporejea hakuingia ndani. Alisimama barazani, mbele ya wanawake wawili waliokuwa wakichagua mchele.

"Shehe kasema urudi. Udhuru wako umedhoofu."

"Wifi, redio imesema mvua bado ipo."

"Redio imesoma fikihi kwa nani?"

"Nakuomba siku mbili tu. Nitalala bandani na mbuzi."

"Mbuzi wangu wana mimba, Bi Nazi."

Wanawake wale wakacheka. Mmoja aliona haya, akainama sana juu ya ungo, lakini alikuwa amekwisha kucheka.

Rahila alimshika mamake mkono, akamtaka yeye abaki, kwani hukumu haikumgusa. Bimkubwa akautoa mkono wake taratibu. "Nilizaa wawili," alisema. "Mmoja nimemzika. Wa pili leo nimemtafuta, sikumwona." Akachukua mkongojo, akateremka na mkwewe.

Mvua ilianza baada ya sala ya Ijumaa, bila upepo, imesimama wima kama iliyotundikwa. Kufika alasiri bonde lilikuwa jeupe, na maji ya mteremko yalikuwa yakipita nyuma ya nyumba kwa sauti nzito. Jiko liliingia maji kwanza. Bimkubwa alikuwa kitandani, amechoka kwa mwendo, akamwambia Mwanawema watoke.

Mwanawema alisimama mlangoni. Tangu utotoni chuoni alijua kwamba kuchelea kughariki ni udhuru. Kuchelea, wala si kughariki. Lakini Shehe amekwisha kusema, na Rahila yuko juu barazani na ulimi wake, akingoja kuwaambia watu kwamba mjane wa Vuai aliivunja eda ya mumewe kwa sababu ya kulowa miguu. Basi akatazama kizingiti. Maji yakikivuka, alijiambia, hapana mtu atakayebisha. Udhuru utakuwa dhahiri, na hata Shehe mwenyewe akiletwa ataushuhudia. Akamwomba mama avumilie kidogo. Yalikuwa yamebakisha kama vidole viwili.

Ukuta wa upande wa kilima haukungoja kizingiti. Ulilainika kutoka chini, ukaketi, kisha ukalala juu ya kitanda.

Alimfukua kwa mikono na kwa sufuria. Alipompata alikuwa bado anapumua. Mwanawema akambeba mgongoni, akamfunga kwa kanga kama afungwavyo mtoto, akapanda naye mteremko, matope yakimfika magotini. Pumzi ya mama ilikuwa ikimpiga shingoni. Kufika nusu ya njia ikaacha. Hakusimama kuhakikisha, kwa kuwa aliogopa kuhakikisha.

Barazani kwa Rahila palikuwa na watu waliokimbia mvua. Rahila alimwona anakuja, kichwa wazi, udongo umemjaa, na kabla ya kuona kilichokuwa mgongoni akauliza, "Nani kakuruhusu kutoka?"

Mwanawema akageuka, akamwonyesha mgongo.

Shehe Soud aliitwa. Maiti alipokwisha kufumbwa macho, Shehe aliuliza ilikuwaje watu wakarudi bondeni na mvua imetangazwa. Kisha akamwelekea Rahila, aliyekuwa akilia. "Habari ya mvua mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza mvua, Shehe. Uliniuliza upepo."

Shehe akaitazama mikono yake mbele ya watu wote.

Bimkubwa alizikwa Jumamosi, kaburi likitekwa maji kwa ndoo. Baada ya maziko Shehe alitoa hukumu nyingine, na safari hii aliuliza mengi kabla ya kuitoa. Nyumba ya Vuai imeanguka; mjane ataikamilisha eda yake katika nyumba ya karibu iliyo salama, siku zote zilizosalia. Rahila aliinamisha kichwa, akatii. Akamtandikia wifi yake jamvi lile lile baina ya magunia ya makaa, na kila aliyekuja kumpa pole alimwonyesha mlango wa stoo kwa kidevu, akasema kwa sauti ya kuvuka ukuta, "Yumo humo. Kaniulia wawili sasa."

Mwanawema alikuwa ndani akihesabu. Zilibaki siku thelathini na nane.

Ewe Mola, uliyemchukua Bimkubwa akiwa katika hisani, mkunjulie kaburi lake. Na hao uliowabakisha, walio chini ya paa moja na wasiopendana, wafinike kwa rehema yako, kwani hawana pengine pa kwenda. Amin.