Tumekuja Kukusalimia Kwanza

Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, saa nne kasoro robo asubuhi, Matroni alishuka kwenye gari la binti yake mbele ya chuo cha uuguzi. Kwapani alikuwa na mto wa kukalia alioushona mwenyewe kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia. Alikuwa amestaafu wiki tatu zilizopita. Magoti yalimsumbua, hasa la kushoto, na ngazi za jengo la utawala zilikuwa kumi na moja. Alizipanda moja moja huku ameshika ukuta, na kila aliposimama kupumua alijiambia kwamba mwaka huu atasema.

Alikuwa amejiambia hivyo miaka mingi, lakini safari hii hapakuwa na pa kusogezea. Jengo lilikuwa linabomolewa Jumatatu.

Kiranja na Mama Pacha walikuwa wameshafika. Kiranja aliongoza darasa lao enzi hizo, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia cheo kimekwisha, alikuwa ameshika karatasi ya ratiba. Mama Pacha alikuwa na chupa ya chai. Hao watatu ndio waliobaki. Kundi lao la mafunzo wodini lilikuwa la watu saba. Watatu walishafariki, mmoja kwa sukari, mmoja kwa ajali ya barabarani, mmoja usingizini, na wafu huwa na udhuru. Wa saba alikuwa kwenye benchi nje ya mlango wa Mkuu wa Chuo, pale pale alipoambiwa asubiri miaka thelathini na sita iliyopita.

Walimwita Kalamu, kwa sababu siku zote mfukoni mwake zilikuwamo mbili, ya kwake na ya kuazima. Wakati ule alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na ndio aliokuwa nao bado. Shati lake jeupe la mafunzo lilikuwa na mstari wa pasi kwenye mikono. Aliitwa baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo hakuwahi kusikia njaa, na kwa bahati nzuri alikuwa amepitia msalani kabla ya kupanda ngazi. Wafagiaji wakifika na dekio humwambia nyanyua miguu, naye hunyanyua. Kwenye orodha ya mali za chuo ameandikwa chini ya samani: benchi la mbao, moja, na mtu. Mwaka wa kwanza walinzi wawili walijaribu kumwinua wakashindwa, akawaomba radhi kwa usumbufu. Wanafunzi wapya hubishana kidogo kama huyu ni wa kuamkiwa au ni rika lao, kisha huzoea kumwambia habari za kazi wakapita.

"Shikamooni," alisema Kalamu.

Alianza kuwaamkia mwaka ule walipotimiza hamsini. Hakuna aliyemfundisha, alizitazama nyuso zao akaona ndivyo adabu inavyotaka.

"Marahaba," waliitikia wote watatu, kila mmoja akiangalia mahali pake.

Kalamu akatazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa ikienda dakika moja kwa mwaka, wala haikuwahi kukosea. "Saa nane na dakika thelathini na sita," alisema. "Si mbaya. Mkuu alisema saa nane, lakini nadhani atawaelewa. Mmekuja kwa lile?"

"Tumekuja kukusalimia kwanza," alisema Kiranja.

"Sawa. Basi tuanze na habari."

Ndivyo walivyofanya kila mwaka. Kiranja alitangulia, kama ratiba ilivyosema. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tezi, akaueleza kwa kirefu kuliko ilivyohitajika, pamoja na ukubwa wa mpira wa mkojo. Nyumba yake imeezuliwa na upepo mara ya pili. Mke wake hasikii vizuri, au anasikia na hataki kujibu. Mama Pacha akasema mmoja wa pacha wake ameachana na mumewe na amerudi nyumbani na watoto wawili na friji.

"Ni yule aliyezaliwa wa pili?" Kalamu aliuliza. "Mwenye kilo moja na nusu?"

"Huyo huyo."

"Pole. Ndiyo kwanza nimesikia ameolewa."

Hakuwa anatania. Kwake habari zao zote zilikuwa za mchana mmoja. Saa nane na dakika mbili Mama Pacha alijifungua, dakika ishirini na kitu pacha waliolewa, sasa hivi mmoja ameshaachwa. Kalamu alizipokea zote kwa moyo mweupe, akawapa hongera na pole kila moja kwa wakati wake, na hakusahau jina la mtoto wala ugonjwa wa mtu. Pacha wenyewe, ambao sasa walimzidi umri, walimwita baba mdogo.

Lile lenyewe lilikuwa jambo la dakika chache. Ilikuwa asubuhi, wodi namba sita, kitanda cha kumi na mbili, mama wa watoto wanne aliyekuwa aruhusiwe kesho yake. Kwenye trei kulikuwa na vichupa viwili vyenye vifuniko vya rangi moja. Kimoja kilikuwa cha maji ya chumvi, ya kusafishia mrija wa dripu. Cha pili kilikuwa cha potasiamu, dawa isiyochomwa moja kwa moja mshipani. Huchanganywa kwenye chupa kubwa ya dripu ili iingie polepole, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hivyo. Matroni, ambaye wakati huo hakuwa matroni wa mtu yeyote, alivuta dawa kwa sindano kutoka kwenye kichupa alichokigusa kwanza, bila kusoma, akaichoma kwenye mrija. Mikono yake ilikuwa na glavu, hivyo akamwambia Kalamu, aliyesimama upande wa pili wa kitanda, "Hebu nisainie." Wote walifanya hivyo siku zote. Mwenye mikono mitupu aliwasainia wenzake kwenye karatasi ya matibabu ili kazi isilale. Kalamu aliandika jina lake mwenyewe, maana kuandika la mwenzake aliona ni kughushi. Yule mama alikufa wino haujakauka.

Wenzao watano waliona. Mkuu alipomwita Kalamu, alijibu kwamba hakuchoma yeye, alisaini tu. Aliyechoma ni nani? Atakuja aseme mwenyewe, alisema Kalamu. Mkuu akamwambia akae hapo nje, na wenzake sita wafike saa nane waandike maelezo; akiandika hata mmoja, Kalamu ataenda zake. Saa nane ilipofika, wenzake walikuwa bwenini wameketi vitandani. Walikubaliana mtihani wa mwisho upite kwanza. Ulipopita wakasema waajiriwe kwanza, na walipoajiriwa wakaona haifai mtu kuanza kazi kwa balaa. Baadaye hawakukubaliana tena lolote, walikuwa wanakuja tu kumsalimia.

"Na wewe, dada?" Kalamu alimgeukia Matroni. "Habari zako?"

Matroni alimkabidhi mto. Kalamu akaubonyeza kwa mikono miwili, akainuka kidogo, kiasi tu cha kuupenyeza chini yake, akakaa. Benchi likalia.

"Mama yako ndiye aliyeagiza," Matroni alisema. "Alisema benchi hili ni gumu."

"Mwambie nimeshukuru."

Hapo ndipo ilipombidi aseme jambo la kwanza kati ya mawili aliyokuja nayo. Alisema kwamba mama amefariki mwezi wa tatu, kwa moyo, katika wodi yake Matroni, na kwamba alimhudumia kwa mikono yake mpaka mwisho. Hilo lilikuwa kweli. Alimwosha, akamgeuza kitandani kila saa mbili, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, na kila kijiko yule mama alimwombea kwa Mungu amlipe. Matroni alimpenda yule mama na alimwogopa. Kila usiku wa siku zile alilala macho wazi.

Kalamu alitazama saa yake, kisha akatazama ngazi.

"Alikuwa hapa sasa hivi," alisema.

Ni kweli alikuwa akija. Alikuja kila Jumamosi kwa miaka thelathini na mitano, akakaa naye benchini, na kila mwezi wa kwanza aliingia ofisini kusaini, kwa sababu chuo kilitaka ndugu wa karibu aridhie mtu wao kuendelea kuwepo.

"Amezikwa?"

"Tulimzika," alisema Kiranja. "Watu walijaa."

"Basi mkishasema nitapitia kaburini kabla sijaenda nyumbani. Ni mbali?"

"Si mbali," alisema Mama Pacha, akaanza kufungua chupa ya chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Matroni alilia. Alilia kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia mbele ya wauguzi wake miaka yote, na mkaguzi wa majengo aliyekuwa akipima ukuta kwa futi akasogea pembeni kumpisha. Kalamu alimshika mkono. Mkono wa kijana ulikuwa na joto na wa Matroni ulikuwa na baridi.

"Usilie, dada," alisema. "Hujachelewa sana."

Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Mkuu wa sasa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mmoja wa wanafunzi wengi wa Matroni, na alimwamkia akikunja magoti kidogo. "Karibu ndani, mama. Nina jambo lako na jambo lake."

Matroni aliingia peke yake. Mezani kulikuwa na faili la kahawia lililofungwa kwa kamba ya kiatu. Mkuu alilifungua pale mwanzoni, kwenye karatasi yenye kichwa cha maneno MAELEZO YA MASHAHIDI, na chini yake mistari sita mitupu. Karatasi ilikuwa imekuwa njano, lakini mistari ilionekana vizuri.

"Hili liko wazi mpaka leo," alisema Mkuu. "Kila nikiingia likizo huwa nalitazama. Mstari mmoja tu ukiandikwa, anaondoka. Tukisharekodi, linakwenda Baraza la Wauguzi, nao watafuata leseni ya mhusika na mafao yake. Ndiyo taratibu. Una la kuongeza, mama? Wewe ulikuwa kundi lake."

Matroni alikuwa nalo. Lilikuwa tayari mdomoni, maneno sita tu, aliyahesabu kwenye gari. Mimi ndiye niliyechoma sindano ile, mwanangu.

"Na lako ni hili," Mkuu aliendelea, akiwa bado anatabasamu, akafunua mchoro wa jengo jipya. "Tumekaa kwenye kikao tukaona chumba cha mazoezi ya sindano kipewe jina lako. Kibao kimeshachongwa. Binti yako alikuwa anajua, tukamwomba akae kimya."

Kupitia dirishani Matroni alimwona binti yake chini, ameegemea gari, naye muuguzi, amevaa viatu vyeupe vya kazi. Binti akapunga mkono. Matroni akapunga pia. Alikaa hivyo na mkono juu kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida ya watu wanaopungiana, na alipoushusha, yale maneno sita hayakuwepo. Aliyatafuta. Aliona aibu kubwa, na ndani ya ile aibu, afadhali.

"Sina la kuongeza," alisema.

Mkuu hakushangaa. Alifunga kamba ya kiatu, akatoa karatasi nyingine, mpya. Hii ilikuwa ya kuhamisha. Benchi lingepelekwa jengo jipya, nje ya mlango mpya, mahali penye kivuli; ila ilihitajika saini ya ndugu wa karibu, na mama yake ndiyo hivyo tena.

"Nitamsainia," alisema Matroni.

Kalamu ya Mkuu iligoma. Alijaribu ya pili, nayo ikakwaruza karatasi tu. Matroni akatoka nje kuomba, na kabla hajafungua kinywa Kalamu alishatia mkono mfukoni. Alimpa ile ya kuazima. Uso wake ulikuwa umechangamka, na alianza kufunga kifungo cha juu cha shati, kwa vile kaburini mtu haendi kifua wazi.

Ndani, Matroni aliandika jina lake kwenye nafasi ya ndugu wa karibu. Wino ulitoka wa bluu, mbichi, bila kukatika. Akaipuliza saini ikauka, akatoka, akamrudishia mwenyewe kalamu yake.

"Umeandika?" Kalamu aliuliza.

"Nimesaini."

"Ahsante sana, dada."

Vibarua wanne wakaja na kamba. Kiongozi wao alimwambia nyanyua miguu, akanyanyua, wakalibeba benchi na mtu wake kwenye korido, wakapinda kwenye ngazi kwa hadhari kwa sababu ya zile kumi na moja. Kalamu alikumbatia mto kifuani usidondoke. Alidhani huko ndiko kwa kutokea nje, na akawashukuru kwa kumpunguzia mwendo. Walivuka uwanja, wakampita binti wa Matroni, aliyesogeza gari nyuma kidogo ili wapite, wakaingia jengo jipya lenye harufu ya rangi. Wakamweka mbele ya mlango wa kioo. Upande wa pili wa korido, fundi alikuwa juu ya ngazi anakaza kibao chenye jina la Matroni.

Kalamu alikisoma. Alitazama saa yake.

Kiranja alikuwa ametoa ratiba na anaandika ya mwakani. Alipendekeza wafike saa tatu, jua halijawa kali. Mama Pacha akasema saa tatu ni sawa.

"Hongera, dada," alisema Kalamu. "Sasa utakuwa unapita hapa mara kwa mara. Ukipata nafasi, utaingia useme." Kisha, kwa kuwa walikuwa wanaondoka na walikuwa wakubwa kwake, akasogeza mto vizuri akasema, "Shikamooni."

Kiranja na Mama Pacha walishaanza kutembea. Matroni alisimama peke yake chini ya jina lake.

"Marahaba, mwanangu," alisema.