Breki za Lori la Soda

Madereva wa kiwanda cha soda walimwita dereva mwenzao Shangazi, hata wale waliomzidi umri, kwa sababu hakuna aliyewagombeza kama yeye. Asubuhi hiyo alimfuata meneja hadi ofisini.

"Pedali ya breki inazama mpaka chini. Lori hilo silitoi."

"Nenda taratibu tu, utafika."

"Taratibu na kreti zote zile, kwenye mteremko wa sokoni? Thubutu!"

Meneja akampa funguo Bwana Harusi, dereva aliyeoa juzijuzi. Shangazi alimshika mkono, akamsihi asiende.

"Nikikataa watanifukuza, Shangazi," alisema, akapanda.

Kabla ya adhuhuri habari zikafika. Breki ziligoma katikati ya mteremko. Bwana Harusi, ili asiwavamie watu wa sokoni, alikata kona akalibamiza lori kwenye ukuta wa ghala. Wote walisalimika, ila yeye mguu wake ulibanwa, ukavunjika vibaya.

Kesho yake meneja aliwakusanya madereva uani, akawagawia vizibao vipya vya kung'aa.

"Sheria za usalama ni jukumu lenu," alisema. "Mwendo, mkanda, umakini. Mwenzenu amezembea, mmeona matokeo."

Shangazi alikitupa kizibao chini.

"Amezembea nani? Nilikwambia kwa mdomo wangu huu!" Akaonyesha lori lililokuwa karibu. "Hilo nalo breki zake zinasuasua, umeambiwa mara ngapi? Haya, panda. Naliendesha mimi, tushuke wote mteremko."

Meneja akatazama lori, akatazama viatu vyake. "Nina kazi ofisini."

"Na sisi tuna watoto nyumbani!"

Dereva mmoja akaweka funguo zake juu ya kizibao pale chini. Mwingine akafuata, kisha wote. Siku hiyo halikutoka hata lori moja, na jioni haijaingia mwenye kiwanda alikuwa ameshaleta mafundi. Lakini madereva walikataa kurudi kazini mpaka Bwana Harusi asafishwe jina.

Asubuhi iliyofuata meneja akapelekwa hospitalini akaombe radhi, Shangazi akiwa nyuma yake. Alisimama mlangoni mwa wodi, akanong'ona samahani huku anautazama ukuta. Mke wa Bwana Harusi, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akaendelea kuuweka sawa mto chini ya mguu wa mumewe.

"Sema kwa sauti," Shangazi akamwambia. "Jana uani hukunong'ona."