Mlevi wa Asubuhi

"Etelvina, kwani Valdemiro siku hizi anaamkia chupa?"

Gracinda aliuliza hivyo akiwa upande wake wa ua, nguo mbichi mikononi, macho barabarani. Valdemiro alikuwa anashusha ng'ombe kutoka mlimani, ametanua miguu kama mtu aliye juu ya meli inayoyumba, mara ukuta huu, mara ukuta ule. Ilikuwa saa moja asubuhi.

"Anakunywa, shoga," alisema Etelvina. "Anakunywa mno. Niombee."

Akaingia ndani, akafanya ishara ya msalaba, akamshukuru Mungu kwamba mwanawe ameonekana mlevi.

Katika nyumba hiyo hakuna aliyekunywa divai tangu azikwe mumewe, Hermínio, miaka kumi na mmoja iliyopita. Hermínio naye alianza na miguu. Baadaye akawa anaona kila kitu viwili viwili, ulimi ukawa mzito, mwishowe hata mate yakawa yanampalia. Na siku zote hizo akili yake ilikuwa timamu, anasikia kila neno la waliokuja kumtazama. Pale kisiwani Flores hakuna anayengoja daktari autaje ugonjwa huo. Vikongwe huujua kwa kuangalia miguu ya watu kwenye maandamano ya kanisa. Mguu ukitanuka, wanatazamana, na mwenye binti anamwita nyumbani.

Daktari aliyekuja kwa ndege wakati ule alimweleza Etelvina bila kuzunguka. Kuna sehemu nyuma ya ubongo inayopatanisha miguu. Hiyo inakufa polepole, na dawa ya kuizuia hakuna. Mzazi akiwa nao, kila mtoto anaweza kuurithi, nusu kwa nusu.

"Mimi ninaye mmoja tu," alisema Etelvina.

"Hesabu ni ile ile, mama," alisema daktari.

Kwa hiyo miguu ya Valdemiro ilipoanza, akiwa na miaka thelathini na minne na ameshachumbia, mama yake alinunua chupa ya divai ya bei rahisi, akawa anamnyunyizia kwenye kola kila asubuhi, kama padri anavyonyunyiza maji ya baraka.

"Mama, unataka watu waseme mimi mlevi?"

"Mlevi anaoa. Simama wima."

"Ningekuwa naweza kusimama wima nisingenuka hivi."

Miezi minane mambo yalikwenda vizuri. Padri alihubiri juu ya ulevi Jumapili mbili mfululizo, akitazama benchi la tatu, walipokaa wao. Mwenye duka alikataa kumuuzia Valdemiro bia ambayo hakuwa ameiomba. Etelvina aliungama "uongo mdogo" mara nne, bila kueleza ni wa nini, na akasali Salamu Maria zake zote alizopewa.

Ikafika sikukuu ya Roho Mtakatifu. Chama cha sikukuu kilipiga kura kwa vikaratasi kama kila mwaka, kujua taji la fedha la Roho Mtakatifu litakaa nyumbani kwa nani, na nani atalibeba mpaka kanisani. Karatasi iliyotoka ilikuwa ya Valdemiro.

Ijumaa, mkuu wa chama, mzee Ambrósio, alikuja na taji lenyewe limefunikwa kitambaa cheupe, akaliweka mezani. Mchumba, Natalina, alikuwa hapo hapo anakanda unga wa mikate ya sikukuu. Valdemiro alikuwa ameketi karibu na jiko.

"Mama Etelvina, sikufichi," alisema Ambrósio. "Wanachama wanasema mlevi hagusi taji. Lakini kura imemwangukia, na kura si yetu sisi. Basi weka mkono hapa, useme anakunywa au hanywi. Akiwa anakunywa, tunarudia kura. Yamekwisha."

"Si watu wote wameona?"

"Watu wameona miguu. Mimi nataka mkono wako."

Uongo wa uani ulikuwa kitu kimoja. Huu ulikuwa mwingine, Roho Mtakatifu akiwa mezani, kando ya bakuli la mayai. Etelvina alipangusa mkono kwenye aproni, akauweka juu ya taji.

"Hajawahi hata kuonja," alisema.

Ambrósio alifungua mdomo kufurahi, halafu akaelewa, akaufunga. Alitazama miguu ya Valdemiro, kisha akatazama dirisha.

"Pole, kijana," alisema. "Basi utalibeba. Tutaweka mtu huku na mtu huku."

Natalina aliacha kukanda.

"Baba alinikataza nisiolewe na mlevi," alimwambia Etelvina. "Nikagombana naye. Nikamwambia Valdemiro nitamwachisha pombe. Nimefunga kila Ijumaa tangu Kwaresima, ili aache. Mama Etelvina, nilikuwa naomba aache nini?"

"Mgonjwa ungemkubali?"

"Hukuniuliza."

Akamgeukia Valdemiro. "Na wewe ulijua?"

"Tangu mwezi wa kumi. Nilisema tuoane kwanza, halafu..."

"Na watoto?"

Valdemiro alijikaza ulimi usimkwame. "Nusu kwa nusu. Kila mmoja."

Natalina alikwangua unga vidoleni, akaurudisha wote kwenye beseni. Akanawa mikono. Akaufunika unga kwa kitambaa, upande baada ya upande, usipigwe na upepo. Alipofika mbele ya taji alipiga goti, kama inavyopasa, akainuka, akatoka.