Dawa ya Mkia wa Kondoo

Hadi karatasi ya majina ilipobandikwa kwenye mlango wa bwalo, Elphas alikuwa mtu mwema kiasi. Ni kweli kwamba aliwahi kunyunyiza upupu kwenye blanketi la kiranja wa bweni, na kwamba kengele ya alfajiri aliiziba kwa soksi ikashindwa kulia, lakini hayo yote aliyatenda kwa moyo mweupe, bila kumwonea mtu kijicho. Kijicho kilimpata siku hiyo, saa nne na robo, wakati wa chai, alipopitisha kidole kwenye orodha ya wanakwaya wa kwenda Kilifi kwenye tamasha la taifa, akafika mahali pa mpiga ngoma na kukuta pameandikwa Mutegi.

Mutegi alikuwa rafiki yake. Tangu kidato cha kwanza walishiriki kitanda kimoja cha ghorofa, Mutegi chini, Elphas juu. Hata ngoma yenyewe, Elphas ndiye aliyemfundisha, kwa ndoo ya kuogea, nyuma ya bweni. Sasa mwalimu wa muziki, Bwana Salesio, alikuwa amewasikiliza wote wawili akiwa amefumba macho, kisha akayafumbua na kutamka kwamba Mutegi ana mkono mtulivu. Wiki nzima Elphas aliuchunguza mkono huo. Aliutazama ukishika kijiko, akautazama ukifunga kamba za viatu, akautazama ukikamua jipu. Utulivu hakuuona.

Shule yao ilikuwa upande wa Nchiru, katika Meru ya baridi, ambako maji ya bomba asubuhi huuma vidole na mbu akipotea njia akafika huko hutafuta sweta. Katika miaka ile ya themanini hakuna mwanafunzi kati yao aliyekuwa ameiona bahari. Atakayeiona angerudi mtu mwingine, na mtu huyo, Elphas aliamua, hangekuwa Mutegi.

Siku tano kabla ya safari alimwita rafiki yake nyuma ya maabara na, kwa uso wa askofu anayetangaza msiba, akamwarifu kwamba pwani kuna mdudu. Si mbu. Mbu ni mstaarabu, hupiga hodi kwa kuimba. Huyu ni mdogo kuliko chembe ya pilipili manga, hana sauti, haonekani kwa macho, na hupenya matundu ya chandarua kama moshi. Huja jua linapochomoza na linapotua, huuma vifundo vya miguu, na aliyeumwa hujikuna mpaka asahau jina la mamake.

Yote hayo Elphas aliyatunga papo hapo, mdomo ukitangulia na akili ikifuata. Safari yake ndefu kuliko zote maishani ilikuwa Embu mjini, alikopelekwa kung'olewa jino.

Mutegi alimuuliza amejuaje. Elphas akasema ana mjomba bandarini. Hakuwa na mjomba bandarini.

"Na dawa?" Mutegi akauliza, macho yamemtoka.

"Dawa iko, mucore. Wewe ni rafiki yangu. Ningekuacha uliwe?"

Dawa hiyo ilikuwa kilele cha elimu yake yote. Ilianza na mkia wa kondoo. Jumamosi iliyopita wageni wa bodi walikuwa wamechinjiwa kondoo, na mkia wake, mnene, umejaa mafuta, ulitoweka jikoni kabla mpishi Ndambiri hajageuza shingo. Elphas aliuyeyusha kwenye mkebe kwa taa ya maabara. Akaongeza mafuta ya mbarika aliyopewa na nyanya yake ya kupaka miguu, majani ya mkaratusi yaliyopondwa, vitunguu saumu, na matone machache ya mafuta ya taa kwa ajili ya baraka. Akaichemsha, akaichuja kwa soksi, akaifunga kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Harufu yake ilikuwa ya beberu aliyelala kwenye duka la spea.

Maagizo yalikuwa haya: Mutegi ajipake miguu na mikono siku mbili kabla ya kuondoka, dawa iingie mwilini. Hesabu ya Elphas ilikuwa rahisi. Bwana Salesio alikuwa na pua ya kunusa sauti iliyopotoka, sembuse beberu. Angemshusha Mutegi kwenye basi na kumpandisha mpiga ngoma mwingine aliyekuwa karibu, ameoga, amesimama na ngoma mkononi.

Lakini Mutegi ni mtoto wa watu wanaotunza vitu. Aliitazama ile chupa, akaona ni ndogo, akaona wadudu wako Kilifi na si Nchiru, akaifunga ndani ya fulana na kuiweka chini kabisa ya sanduku. Basi liliondoka naye ananukia sabuni. Elphas alibaki langoni, ameoga bure.

Siku ya tisa walirudi. Kwaya ilikuwa ya kwanza kitaifa, na kombe lilishikiliwa dirishani, ila hakuna aliyelitazama kombe. Watu kumi na wawili walishuka kwenye basi, na kumi na mmoja kati yao walishuka wakijikuna. Bwana Salesio mwenyewe alikanyaga ngazi, akasimama, akainama kwa heshima zote za mwalimu wa muziki na kujikuna kifundo cha mguu kupitia soksi. Miguu ya wanakwaya ilikuwa imejaa vidonda vyekundu, vidogo, vya kukaribiana.

Wa mwisho kushuka alikuwa Mutegi. Miguu yake iling'aa kama ya mtoto wa kubatizwa.

Habari ilitapakaa kabla mizigo haijashushwa. Shule waliyolala huko ilikuwa kando ya hori ya bahari, karibu na mikoko, na jua lilipokaribia kutua mdudu akaja. Si mbu. Mdogo kuliko chembe ya pilipili manga. Wenyeji humwita usubi. Vyandarua walivyopewa vilikuwa na matundu ambayo usubi walipitia kama watu wanaoingia kanisani. Upepo ukivuma walipungua, upepo ukitulia wakarudi. Ni Mutegi peke yake aliyefungua sanduku, akatoa chupa, akajipaka. Siku ya kwanza wenzake walimkimbia kwa harufu. Siku ya pili walipanga foleni, kila mmoja akaomba tone, na usubi wakaonekana wamenasa juu ya yale mafuta kama vumbi jeusi, wasifikie ngozi. Siku ya tatu chupa ilibaki na kidogo tu, na hicho wakamwachia mwenyewe. Tangu hapo hakuna aliyemwita Mutegi kwa jina lake. Alikuwa Daktari.

Elphas alisikiliza hayo yote mdomo wazi. Alikuwa amedanganya, na uongo wake ukaenda pwani ukawa kweli bila yeye.

Jioni hiyo Bwana Salesio aliwaita wote wawili ofisini, kwa kuwa Mutegi, muungwana mpaka mwisho, alikuwa amesema wazi kwamba dawa ni ya Elphas. Ilikuwa saa ya Elphas kupokea utukufu. Bahati mbaya, kwenye kiti cha pembeni alikaa naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Muturi, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akichunguza kesi ya mkia wa kondoo na alikuwa ametangaza gwarideni kwamba mwizi huyo hatavuka lango la shule mpaka muhula uishe.

Bwana Salesio alimuuliza Elphas kama ndiye aliyetengeneza ile dawa. Elphas akamtazama Bwana Muturi, akasema yeye dawa haijui. Akaulizwa kama ana hakika. Akasema ana hakika. Akaulizwa mara ya tatu, Mutegi akimkodolea macho kama mtu aliyeona kuku akibweka, na mara ya tatu akakana tena.

"Basi labda niliitoa nyumbani," Mutegi akasema polepole, ili rafiki yake asionekane mwongo.

Hivyo ndivyo Elphas alivyokabidhi jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Majuma yaliyofuata yalikuwa mateso. Daktari aliongezewa maharagwe. Daktari aliachiwa maji ya moto ya kwanza. Vijana wa kidato cha nne, ambao hawasalimii mtu, walisimama kumwuliza Daktari kuhusu chunusi. Elphas alilala kitanda cha juu akihesabu mbao za dari, na kila Mutegi alipojigeuza chini yake, kitanda kizima kikitikisika, aliona hata usingizi wa yule ni wa kifahari.

Kisha barua ikaja. Shule ya Kilifi iliialika kwaya kwa wiki nzima. Bwana Salesio aliisoma bwaloni wakati wa chakula cha mchana, akaongeza kwamba basi lina nafasi moja zaidi, na nafasi hiyo ni ya mtengeneza dawa, maana mafuta huvunda na yatahitaji kupikwa upya huko huko. Kwa kuwa Daktari tayari anakwenda na ngoma yake, alisema, nafasi hiyo atapewa mtu mwingine yeyote.

Mtu mwingine yeyote. Maneno hayo yalimwingia Elphas kama mfupa wa samaki. Alijua akisema kweli hatavuka lango. Akinyamaza, pia hatavuka. Bahari ilikuwa imempita pande zote mbili. Kilichobaki ni jina tu, na jina lilikuwa limeketi mbele yake, linakula githeri.

Alisimama.

"Dawa ni yangu," alisema. "Mutegi alisema kweli, mimi ndiye niliyekana."

Bwana Salesio alimtaka athibitishe. Elphas akataja vitu kimoja kimoja: mkaratusi, mbarika, vitunguu saumu, mafuta ya taa. Alipofika kwenye kitu cha tano alishusha sauti, lakini bwalo zima lilikuwa limenyamaza. Kule mlangoni mwa jikoni mpishi Ndambiri aliweka chini upawa wake.

"Kumbe ni wewe," Ndambiri akasema. "Na mimi nimemshuku paka miezi miwili. Nimemnyima hata utumbo."

Hukumu ya Bwana Muturi ilikuwa fupi: lango amefungiwa, na sufuria za jikoni ni zake. Ila kabla ya sufuria, apike dawa ya watu kumi na watatu, na mkia wa pili utatolewa kwa idhini. Wanafunzi walipiga meza kwa vikombe wakiita Daktari, Daktari, na mara hii walikuwa wakimtazama yeye. Mutegi alipiga meza kuliko wote. Nafasi ya ziada alipewa Kinyua, mvulana ambaye hakuwa ameiomba.

Mtu angedhani Elphas alitosheka. Alitosheka siku mbili. Siku ya tatu alikuwa maabara akijaza chupa kumi na tatu za kahawia, kila moja na jina la mwenyewe kwenye plasta, na dirishani alimwona Mutegi akijaribu kofia ya makuti aliyorudi nayo kutoka Kilifi, akicheka. Mutegi anakwenda baharini mara ya pili. Elphas atakwenda kwenye sufuria. Mkono wake, ambao haukuwa mtulivu, ulichukua chupa ya Mutegi, ukaimwaga, ukaijaza chai ya strungi iliyopoa, na kupaka dawa kidogo shingoni mwa chupa ili inuke.

Basi liliondoka kabla ya gwaride. Elphas alikuwa ameinamia sufuria ya uji wakati moyo wake ulipogeuka. Alikimbia mpaka langoni, povu likimtiririka viwikoni. Lango lilikuwa limefungwa na vumbi lilikuwa limetulia.

Wiki ile alisugua kama mtu anayefuta dhambi kwenye chuma. Ndambiri alimwambia apunguze, sufuria zitatoboka.

Waliporudi, kumi na wawili walishuka na miguu safi, wakamsalimia Daktari kwa kumpungia mkono jikoni. Wa mwisho alikuwa Mutegi. Alishuka akijikuna. Alikuwa na vidonda kuanzia vidole vya miguu mpaka magotini, kwenye viwiko, nyuma ya masikio. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye karo la kuoshea sufuria, akaiweka ile chupa ya kahawia juu ya ukingo.

"Strungi yako haina sukari," alisema.

Elphas aliuliza kwa nini hakuomba ya mwingine.

"Wangeniuliza yangu iko wapi. Ningesema nini? Kwamba Daktari amenipa chai? Wangemwaga zote, waumwe wote, na wewe hapa urudi kuitwa Elphas tu." Alijikuna. "Nikawaambia ngozi yangu imezoea dawa, haishiki tena."

"Walikuwa wengi?"

"Sijui. Hawaonekani. Si wewe ndiye uliniambia?"

Elphas alifuta mikono, akaleta mkebe wa dawa iliyosalia, akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji na kuanza kumpaka rafiki yake, kidonda kimoja baada ya kingine. Ilikuwa dawa ya kuzuia, si ya kutibu, na wote wawili walijua. Mutegi aliacha apakwe. Kutoka juu alikuwa akisimulia jinsi maji ya bahari yanavyorudi nyuma mara mbili kwa siku kama kwamba yamesahau kitu.

Elphas alisikiliza ameinama. Alipofika kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, ambako usubi walikuwa wameuma kuliko mahali pengine popote, alisita. Vilikuwa vidonda halisi, vya Kilifi, vyekundu, na vingebaki na alama mpaka mtihani wa mwisho wa mwaka. Alivitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akakitazama kifundo chake mwenyewe, laini, ambacho hakuna mdudu wa maana aliyewahi kukijali.