Waliokaa Safu ya Nyuma

Bwana harusi alikuwa ameshika kisu cha keki, mkono wa bibi harusi juu ya wake, stima ilipopotea. Ilikuwa saa nane mchana na jua la Voi lilikuwa linachoma mabati, lakini ukumbi ule zamani ulikuwa stoo ya mkonge, haukuwa na dirisha hata moja. Giza liliingia kama lililokuwa likingoja mlangoni.

Tryphena hakuacha kurekodi. Alikuwa amepiga video za harusi na mazishi toka Mghange hadi Maungu, na alijua wenye harusi hawasamehe keki iliyokosekana. Kamera yake ya HD, mtumba wa Mombasa, ilikuwa na swichi ndogo ubavuni ya kurekodi gizani kwa infraredi. Hakuwahi kuihitaji. Akaisukuma kwa kidole gumba.

Ukumbi ukarudi kwenye kioo cha kamera, wa kijani kilichofifia, macho ya watu yakiwaka kama ya paka. Bibi harusi alikuwa anacheka. Nyuma ya viti vya wageni, sakafuni, safu ya wanaume wenye ovaroli za shamba la mkonge walikuwa wameketi magoti juu, kama vibarua wanaongoja kuitwa majina. Macho yao hayakuwaka. Mmoja wao alikuwa Amolo, mume wake.

Tryphena akainua uso. Kule nyuma kulikuwa giza tupu. Akarudi kwenye kioo. Amolo alikuwepo, na sasa alikuwa anamtazama.

Mwaka ule stoo ilipokuwa inageuzwa ukumbi, shamba lilitangaza kwamba Amolo na wenzake wameacha kazi wakarudi kwao magharibi. Amolo, walisema, alikuwa na mwanamke huko Siaya. Mama mkwe alipiga simu kutoka Siaya kuuliza mbona mwanawe hafiki. Tryphena akahama nyumba za shamba na binti yake Shanice, akamlea akimwambia baba yake aliwatoroka.

Stima iliporudi, aliirudisha swichi. Picha ya kawaida ya HD ilionyesha ukuta, kila ufa, kila kichwa cha msumari, na hakuna mtu. Akaegemea nguzo, akaendelea kurekodi mpaka sala ya kufunga.

Alipokuwa anakunja nyaya, meneja wa shamba, Nicodemus, alikuja akaomba kuona. Alitazama huku akichokoa meno.

"Kamera nzuri, madam. Mpaka hawa inawashika. Ile ya mwaka jana haikuweza."

"Huyu ni mume wangu."

"Namjua. Hapo pakate. Wenye harusi hawakuwaalika." Akamrudishia kamera kwa adabu, kwa mikono miwili. "Na Shanice bado yuko bweni kule Bura?"

Tryphena hakuwahi kumwambia mtu yeyote pale shambani Shanice anasoma wapi.

Langoni, mlinzi Kimanzi alimfungulia. Walijuana tangu siku za nyumba za shamba.

"Umewaona," Kimanzi alisema. "Mimi huwasikia. Wakati watu wa muziki wanaunganisha nyaya, wao wanakohoa. Ukuta uliwaangukia wakijenga ukumbi, Mama Shanice. Na wageni wakubwa walikuwa njiani kuja kuona kazi. Wageni walipofika, simiti ya sakafu ilikuwa imeshamwagwa juu yao."

"Walikuwa wamekufa wote?"

Kimanzi aliangalia viatu vyake. "Wengine," akasema. Kisha akasema, "Jumatatu twende polisi pamoja. Nimechoka kuwasikia."

Jumatatu hakutokea. Tryphena alienda peke yake. Afisa aliitazama video, akairudia, akamwita mwenzake, na wote wawili wakasifu jinsi ilivyotoka vizuri gizani.

"Lakini hawa hawakupotea, mama. Waliacha kazi. Una shahidi aliye hai?"

Akashuka shambani kumtafuta shahidi. Langoni palikuwa na mlinzi mwingine, aliyemwambia Kimanzi ameacha kazi. Kibanda cha mlinzi kilikuwa kimewekwa sakafu mpya ya simiti, imefunikwa magunia yaliyoloweshwa maji isikauke haraka. Mlinzi mpya alikuwa amesimama nje, juani. Tryphena alisema asante, akarudi alikotoka bila kugeuka.

Jumamosi ile alikuwa ameahidi harusi nyingine palepale ukumbini. Aliogopa kwenda, na kutokwenda akakuogopa zaidi. Stima haikupotea safari hii. Akaisukuma swichi hivyo hivyo, wakati wageni wamefumba macho kwa maombi. Picha ilipauka kwa mwanga wa taa, lakini safu ilikuwepo. Kando ya Amolo aliketi Kimanzi na sare yake, kofia juu ya goti. Na baada ya Kimanzi, wanaume walikuwa wamesogea wakaacha nafasi, upana wa mtu mmoja. Tryphena alirudi kwenye HD, akarekodi keki.

Wanza, mke wa Kimanzi, alifika studio ya Tryphena asubuhi ya siku iliyofuata, bado na gauni la lesi la kanisani.

"Nasikia kamera yako inaonyesha," alisema.

Tryphena alimwekea. Wanza aliikaribia skrini, akatazama mpaka mwisho, akaomba irudishwe. Hakulia.

"Heri," akasema. "Mimi waliniambia ana mwanamke Maungu."

Akaweka kidole juu ya ile nafasi. "Na hapa wamemwekea nani?"

Tryphena aliinuka akafunga mlango wa studio kwa komeo, ingawa nje palikuwa peupe na watu wanapita. Simu ikalia. Ni meneja. Kulikuwa na harusi nyingine Jumamosi ijayo, na wenye harusi walikuwa wameipenda sana kazi yake.

"Nitakuja," alisema Tryphena.

"Njoo na Shanice, akushikie taa. Shule zinafungwa wiki hii."

"Shanice ana mtihani."

"Basi siku nyingine," akasema meneja kwa upole, na akamtakia Jumapili njema.