Gia Nne za Kurudi Nyuma

Wanaume wa ukoo wa Tregenza, tangu babu zao walipofika Rasi ya Yorke, kusini mwa Australia, kuchimba shaba na wakaishia kulima shayiri, hawajawahi kumwita fundi. Jambo hili husemwa kwa sauti ya chini, kofia mkononi, kama watu wengine wanavyomtaja babu aliyefia vitani. Merle Tregenza, binti wa ukoo huo aliyeishi na wanaume hao kwa miaka sitini na mitatu, alikuwa na maoni yake kuhusu fahari hiyo, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Juma lile kunyamaza kulikuwa kazi ngumu kuliko kawaida. Mama yake, Loveday, alifariki Jumapili akiwa na miaka tisini na mmoja, akaacha agizo moja tu: apelekwe makaburini kwa trekta la kijivu la mumewe, kama mumewe alivyopelekwa, jeneza juu ya tela na watu nyuma kwa miguu. Merle alimwahidi huku amemshika mkono. Mazishi yalikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, na trekta lenyewe lilikuwa limelala bandani, difu, zile gia za kati ya magurudumu ya nyuma, imesagika meno, kwa sababu mwezi uliotangulia mdogo wake Lyall alijaribu kung'oa kisiki kwa gia ya nne. Kisiki bado kipo.

Merle alitaja kwamba mjini yuko fundi ambaye angeimaliza kazi hiyo kwa siku moja. Lyall alimtazama kana kwamba amependekeza wakodi mtu wa kumlilia Mama.

Basi Jumatatu kazi ilianza, kwa maana ya kwamba wanaume walikusanyika. Nyuma ya banda kulikuwa na trekta la pili, la aina ileile, lililokaa kwenye magugu miaka ishirini likichunwa kiungo kimoja kimoja. Lyall alitoa difu humo, kwa nyundo zaidi kuliko kwa spana. Jirani yao, Darcy Pfitzner, mtu mnene mwenye elimu kubwa ya mambo asiyoyajua, alileta kiti chake mwenyewe na bia zake mwenyewe, akawa mshauri mkuu. Kazi ya mshauri mkuu ilikuwa kukunja mikono na kusema, "Mmh."

Baba yao alikuwa na desturi. Kabla ya kufungua chochote alichovya brashi kwenye rangi nyeupe akachora mstari, ili kila kipande kirudi kilikotoka na kikitazama kilikokuwa kinatazama. Merle aliijua desturi hiyo kwa sababu, tangu akiwa na miaka minane, ndiye aliyemshikia Baba tochi. Lyall naye utotoni alikuwa akijifunza kutema mate mbali. Ile difu ya trekta la pili ilikuwa bado na mistari ya Baba. Jumatano Lyall aliitumbukiza kwenye dizeli, akaisugua kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa kama kikombe cha mashindano, akamwonyesha dada yake jinsi alivyoondoa uchafu wote.

Merle aliutazama uchafu huo ukielea juu ya dizeli, mweupe, katika vipande vidogo vidogo.

Akamuuliza kama anakumbuka lile gurudumu kubwa la meno linakaa upande upi, kushoto au kulia. Lyall akasema vipande hivi vimetengenezwa na watu wenye akili, haviwezi kuingia isipokuwa mahali pake. Darcy akasema, "Mmh." Gasketi ya kuzuia mafuta yasivuje waliikata kwenye boksi la nafaka za kifungua kinywa, kama ukoo ulivyofanya siku zote, na difu ikaingia vizuri kabisa. Bahati mbaya, ingeingia vizuri kabisa kwa upande wowote.

Ijumaa mchana waliinua magurudumu ya nyuma kwa jeki, wakawasha injini, Lyall akatia gia ya kwanza. Magurudumu yakazunguka. Wanaume wakapeana mikono, Darcy akafuta jicho. Wote waliangalia kama yanazunguka, wala hakuna aliyejisumbua kuangalia yanazungukia wapi.

"Lyall," Merle alisema, "yanazunguka kinyume."

"Dada, ukisimama upande huo kila kitu kinazunguka kinyume. Chai imeiva?"

Merle alisimama pale kidogo. Alipiga hesabu ambayo Baba angeipiga. Kama gia za mbele zimekuwa za nyuma, basi ile ya nyuma imekuwa ya mbele. Ni moja, na ni ya konokono, lakini ipo. Mama angefika. Kuhusu Lyall hakuwa ameahidi kitu kwa yeyote. Akaenda kutazama chai.

Jumamosi saa nne ua ulijaa watu waliovaa suti zao za arusi. Jeneza lilikuwa juu ya tela, limefunikwa shada la maua ya mkaratusi, na mchungaji, mama mpole mgeni wilayani, alikuwa amekwisha omba. Lyall alipanda trekta kwa heshima kubwa. Akaweka kofia sawa. Akatia gia ya kwanza, akaachia klachi.

Mama Loveday alianza safari yake ya mwisho kinyumenyume, kuelekea banda la kuku.

Lyall alikanyaga breki. Akatia gia ya pili. Mama akaendelea, sasa kwa kasi zaidi, na kuku wa kwanza wakaanza kupiga kelele. Waombolezaji waligawanyika kushoto na kulia kwa adabu, kila mmoja akidhani ni desturi ya ukoo.

Merle alitembea polepole mpaka kwenye gurudumu, akainua uso.

"Tia gia ya nyuma."

"Nitazidi kurudi nyuma."

"Ya mbele ndiyo imekurudisha nyuma. Tia ya nyuma, Lyall, kabla Mama hajaingia kwa kuku."

Alitia. Trekta likatetemeka, likawaza, likaenda mbele.

Kilomita mbili zilichukua saa nzima na robo. Kondoo waliokuwa wakila majani kando ya barabara waliwapita. Lakini watu walitembea nyuma ya jeneza bila kuharakishwa, wazee hawakuachwa, na pale makaburini mchungaji alimshika Lyall mkono akasema hajawahi kuona mtu akiendesha kwa heshima namna ile.

"Mama hakupenda haraka," Lyall alijibu, macho chini.

Mama aliwahi kutozwa faini ya mwendo kasi akiwa na miaka themanini na nne. Merle alitazama kaburi, akaona ahadi yake imetimia.

Kilichomwangusha Lyall ni tumbo. Karamu ilikuwa kwenye ukumbi wa wilaya, kilomita tatu mbele, na Merle alikuwa ameoka zile pai za kukunjwa za nyama na viazi ambazo huisha upesi. Watu wote waliondoka kwa magari. Lyall aliachwa na trekta lenye gia moja ya konokono kwenda mbele, na nne nzuri kwenda nyuma. Alipigana na nafsi yake, inasemekana, kwa dakika mbili.

Ndani ya ukumbi Darcy ndiye aliyekuwa dirishani, pai mkononi.

"Yule si Lyall?" alisema. "Mbona anakuja kwa mgongo?"

Ukumbi mzima ulihamia madirishani. Trekta la kijivu lilikuwa linakuja kwa gia ya nne, tela limeachwa makaburini, matako ya trekta yakiwa mbele, na Lyall amejipinda kiunoni, kofia imepeperuka, tai imemkaa mgongoni. Liliingia uani, likazunguka maua mara moja, likasimama. Mchungaji aliweka kikombe chake mezani.

Lyall aliingia, shingo yake ikiwa bado inatazama alikotoka. Akaanza kueleza kwamba alikuwa akijaribu kitu. Merle alimpa pai ya mwisho, iliyopoa.

"Kula," alisema. "Jumatatu nafungua ile difu. Wewe utashika tochi."